Zimwi la Mtoni

Mjukuu wangu Rahel,

Natumai wewe na kitukuu changu mu wazima. Huku Golbanti maji ya mto yameshuka na mpunga umeanza kuchanua. Baba yako amekwenda Garsen kunitafutia dawa ya macho, kwa hiyo uvumilie mwandiko uliopinda.

Umeniuliza kama umsikilize mshauri wa kliniki anayesema mtoto asitishwe. Miaka ya hamsini, baba yako ndio kwanza ameanza kukimbia, mama mmoja mgeni alikuja kutufundisha jambo hilohilo. Sisi tulizoea kuwatisha watoto kwa zimwi la mtoni. Akasema hofu ya uongo humkaa mtoto moyoni hadi ukubwani. Mama mkwe wangu akanung'unika, "Asiyetishwa ataliwa."

Nikamuuliza yule mgeni, "Mto wa kwenu una mamba?"

Akajibu, "Hauna. Hilo sikulifikiria."

Kwa kuwa hakujifanya anajua, nikaona maneno yake mengine yafaa kujaribiwa. Asubuhi nilimshika baba yako mkono, tukakaa juu ukingoni, nikamwonyesha mamba aliyelala mchangani kama gogo. Tulimtazama mpaka akateleza majini.

"Anakula watu?"

"Anakula."

Zimwi sikulitaja tena.

Nawe muulize mshauri wako, umtazame anavyojibu. Baba yako sasa ana mvi, na mto huu anauvuka kila siku bila wasiwasi. Ila kabla ya kuteremkia mtumbwini bado husimama kwanza, akalitazama kila gogo.

Nyanya yako akupendaye