Samli Kwenye Betri

Mabira, 12 Februari 1995

Mdogo wangu Speciose,

Huu ni mwaka wangu wa thelathini na tano huku ukimbizini. Juzi, jenereta ya parokia ilipozima, betri ya akiba haikushika na redio ya mawasiliano ikakukata ukiwa unaongea. Nikafungua vibano vya nyaya: mkwe wangu Theoneste alikuwa amepaka vichwa vya betri samli visishike kutu, kama anavyopaka vibuyu vyake vya maziwa. Ilikuwa imevunda, ikaninata vidoleni.

"Baba, tangu lini samli ikaharibu kitu?" akanung'unika.

Nikasugua, nikakaza, nikakusikia tena: "Kaka, rudi nyumbani upesi! Nyumba ya jirani Mbonimpa ni tupu tangu yeye na watu wake walipouawa mwaka jana. Nimekutandikia kitanda chao."

Mikono nimeiosha kwa majivu, lakini kinyaa hakijatoka. Mbonimpa ndiye aliyenivusha mto nilipokimbia.

Sitarudi.

Kaka yako,
Anastazi