Mbuzi wa Mama Molu

Na kama nilivyokuwa nakuambia juzi hewani katika kipindi chako, Dada Bridget, kabla salio halijaniishia, bwana yangu si mtu wa kawaida, kwa hivyo naomba unisome hadi mwisho, kwa sababu ndoa yangu ina wiki saba tu na tayari kuna jambo nimemficha.

Dullo wangu anasomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja, na chuo kimemchukua awe msaidizi wa kufundisha, yaani wanamlipia karo naye anafundisha vijana wa mwaka wa kwanza na kusahihisha mitihani yao, na mimi niliyeishia kidato cha nne nikimtazama ameshika ile kalamu nyekundu nasahau hata ugali jikoni, wallahi. Siku moja nikipanga mashati yake nikapata mkataba wake, kurasa kumi na mbili, kila ukurasa na muhuri, nikakaa chini nikausoma mara nne kama barua ya mapenzi. Saa ishirini za kazi kwa wiki, zisizidi. Asichukue kazi nyingine bila ruhusa. Akianguka masomo yake mwenyewe, nafasi inaondoka. Alama za mwanafunzi asimtajie mtu. Nikastaajabu kwamba mtu mmoja anabeba haya yote na bado anaingia nyumbani akiimba!

Halafu nikafika ukurasa wa tisa. Asipokee zawadi ya mwanafunzi wala ya jamaa wa mwanafunzi, yeye wala mtu wa nyumba yake, na ikitokea, aiarifu idara ndani ya siku saba tangu ajue, la sivyo nafasi yake inaweza kufutwa.

Dada, wiki ya pili ya ndoa, Dullo akiwa chuoni, mama mmoja wa Kulamawe, kwa shangazi zangu, alishuka kwa pikapu na mbuzi mwenye mimba. Akaniambia, "Ubah binti yangu, huyu ni wako wewe bibi harusi, si wa bwana yako. Molu wangu anafundishwa na yeye, anasema hajaona mwalimu kama huyo." Moyo wangu ulijaa! Na kwetu bibi harusi harudishi mnyama aliyeletwa mlangoni, ni kumtukana aliyemleta, kwa hivyo nilipokea. Jioni Dullo akauliza, "Huyu ametoka wapi?" nikasema, "Watu wa Kulamawe wameniletea," akacheka, "Kumbe shangazi zako wanakupenda kuliko mimi?" nami nikacheka tu, maana wakati huo sikujua kama kuna kosa.

Sasa mbuzi amezaa mapacha, na Dullo anasahihisha mtihani akinywa chai ya maziwa yake. Juzi akaweka kikombe chini, akasema, "Ubah, kuna kijana anaitwa Molu, amekosa alama mbili tu apite. Karatasi yake nimeisoma mara tatu, sioni pa kumsaidia." Nikabaki kukitazama kile kikombe. Nikimwambia, nafasi itaondoka na ndoto yake nayo. Nisipomwambia, kila asubuhi nampikia kosa na yeye ananiambia chai ni tamu. Nifanye nini?

Ubah, Isiolo

*

Ubah, salaam, na hongera. Barua yako imenifanya nitabasamu, kisha ikanikasirisha, kwa hivyo vumilia.

Mtu anayesoma karatasi ya kijana mara tatu akitafuta alama mbili, akazikosa na asizizue, huyo una haki ya kumshangaa. Hata mimi nimemshangaa. Sasa mtu mwaminifu hivyo unamfichia nini? Mkataba umeusoma mara nne ukitazama mihuri, maneno yakakupita. Umeandika kwa mkono wako: siku saba tangu ajue. Dullo hajui, kwa hivyo siku zake hazijaanza. Lakini Molu akimuuliza kesho, "Mwalimu, yule mbuzi wa mama amezaa?" nani katika idara ataamini kwamba hakujua?

Mwambie leo, kabla ya chai na kabla hajagusa karatasi nyingine. Sema kwanza, kulia baadaye. Aiandikie idara barua leo hii, nawe uandike yako na kutia sahihi, kwamba ulipokea bila yeye kujua. Aombe karatasi ya Molu isomwe na mwalimu mwingine. Idara itasema nini, siwezi kukuahidi. Na umwambie kutoka kwangu: mkataba uliposema alama asimtajie mtu, haukumwacha mke nje, hata mke wa wiki saba. Ndiyo maana majina yenu nimeyabadilisha yote kabla barua hii haijasomwa hewani.

Mbuzi anarudi, na mapacha wake, na wa kumrudisha ni wewe. Nenda na shangazi mmoja mtu mzima, ubebe sukari na majani ya chai. Usimwambie huyo mama kwamba alihonga, kwa sababu alikuja kumfurahia bibi harusi, na alama za mwanawe usizitaje kabisa. Sema, "Mama, heshima yako nimeipokea, lakini kazi ya bwana yangu ina sheria. Molu akimaliza chuo, niite nije ninywe maziwa kwako."

Nina safari ya Merti, na kabla mwezi huu haujaisha nitapita kwenu nimwone huyo Dullo kwa macho yangu. Chai nitakunywa, hata ya rangi. Mbuzi nisimkute.