Kamba ya Masanja

Dada Mama Kulwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo Songwa? Mguu wa Mama umepata nafuu? Mimi nipo, nakula nashiba, usianze kulia kabla hujamaliza kusoma.

Uliniuliza mbona leo nacheka, kesho nakukatia simu. Ni kweli. Asubuhi naamka mwepesi, nawatania wenzangu. Ikifika mchana moyo unazama, sitaki kuona mtu. Sababu yake nakuandikia humu, maana kwenye simu hapa kila mtu anasikiliza. Mama asisomewe.

Unakumbuka msiba wa Masanja, mama yake alivyonishika mkono? Aliniuliza kama ni mimi niliyempandisha mwanawe. Nikainama. Huku Bugarama, mvuta winchi aliyekushusha ndiye anayekupandisha, hata zamu yake ikiisha atakusubiri. Nilimshusha mimi. Shimo letu la dhahabu, duara kama tunavyoliita, lilipoporomoka, maiti yake wakaitolea duara la jirani. Kamba yangu ikabaki inaning'inia.

Lile duara halina mtu tena. Lakini mchana, wenzangu wakienda kula, kamba inavutwa mara mbili, ishara ya mtu anayetaka kupanda. Nilijiambia ni uchovu. Ila mbwa wa kambini naye huinuka, akaenda kuchungulia shimo, akarudi amefyata mkia.

Mama Nyanzala, anayetupikia, aliona ugali wangu umepoa.

"Ulimshusha wewe," akasema. "Umempandisha?"

"Alishazikwa, mama."

"Sijakuuliza hilo."

Jana nikaenda, nikashika mkono wa winchi, nikazungusha. Dada, ilikuwa nzito. Uzito wa mtu naujua, ndiyo kazi yangu. Niliogopa, nikalia, nikaendelea kuzungusha. Kamba ikafika juu haina kitu, lakini kile kitanzi cha kukanyagia kilikuwa kimekaza, kinatetemeka.

Nikasema, "Umefika, Masanja. Nenda nyumbani."

Kitanzi kikalegea. Mbwa akalala.

Leo kamba imetulia. Nimekula ugali wote, nikacheka na watu, halafu nikaja kukaa hapa karibu na winchi kukuandikia. Naiangalia tu. Kuna wakati natamani ivutwe tena, kisha najionea aibu. Nadhani siku zangu zitakuwa hivi kwa muda, kupanda na kushuka, na sitakukatia simu tena.

Nisalimie Mama, shemeji na mapacha wako. Na mama yake Masanja, akipita hapo, mwambie nakuja. Lile swali lake nitamjibu mwenyewe, nikimtazama usoni. Ni mimi niliyempandisha.

Mdogo wako,
Shija