Sanamu ya Saba

Jumamosi, Desemba. Asubuhi, manyunyu.

Mvua imeanza tangu alfajiri na mimi nimekaa kitandani na viatu miguuni. Leo ni siku ya tisa Bibi Sesilia hajagusa shamba lake, na sababu ni mimi. Nimechemsha chai mara mbili, na mara zote mbili nimeiacha ikapoa.

Niandike tangu mwanzo.

Mwezi wa nane nilitaka Kidato cha Kwanza waijue akiolojia kwa mikono, si kwa kukariri. Nikafinyanga sanamu saba za udongo, nakala za zile za wanawake wa kale ninazoziona vitabuni: nyonga pana, matiti makubwa, uso hakuna. Wengine husema walikuwa miungu wa kike, wengine husema hatujui. Katikati ya kila moja nilitia kipande cha spoku ya baiskeli ili isikatike kiunoni, nikazichoma, nikazipaka masizi. Bibi Sesilia, mjane anayelima karibu na shule yetu huku kijijini Kate, akaniruhusu nizifukie kwenye matuta yake ya kona, yale ya duara ambayo sisi Wafipa huzika nyasi ndani zioze ziwe mbolea.

Wanafunzi walifukua sita. Jua lilikuwa kali, njaa inaniuma, nikawaambia zilikuwa sita.

Hilo ni kosa la kwanza.

La pili ni baya zaidi. Bibi alipoanza kutawanya matuta apande ulezi, jembe lake likaibua ya saba. Unyevu na mizizi vilikuwa vimeizeesha kuliko masizi yangu, na kwa kuwa nilishasema zilikuwa sita, hakuna aliyedhani ni yangu. Kijiji kikajaa pale. Mwenyekiti wa kijiji akaniita mbele ya watu wote, akasema mimi ndiye mwalimu wa historia, niseme. Niliitambua kabla haijafika mkononi, kwa sababu kitovu chake nilikitoboa kwa njiti ya kiberiti. Mkuu wa shule alikuwa pembeni anatabasamu. Nikasema, "Inaonekana ni ya kale sana."

Ningependa kuandika kwamba sijui nilipatwa na nini. Najua. Napenda kuitwa Mwalimu mbele ya watu.

Kamba ya katani ikazungushwa shamba zima, asikanyage mtu mpaka wataalamu wa mambo ya kale waje. Wataalamu hawajaja. Majirani wote wameshamwaga mbegu. Ulezi ukichelewa huku kwetu, mvua inakatika haujakomaa, na Bibi hana shamba lingine. Jana nilimkuta ameketi nje ya kamba, kikapu cha mbegu kimefunikwa khanga. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaniuliza kama hao wataalamu watakaa sana.

Nikasema sijui, nikaongeza mwendo.

Naenda sasa. Nikiendelea kuandika sitaenda.

Jioni. Mvua imekatika.

Nilianza kwa mwenyekiti, maana nilimwogopa Bibi kuliko yeye. Sanamu ilikuwa sebuleni kwake, juu ya kitambaa cha kufuma, chini ya picha ya Bikira Maria. Nilimweleza yote bila kupumua. Alicheka, halafu akakunja uso.

"Mwalimu, si wewe uliyesema ni ya kale? Leo umeitengeneza wewe? Au kuna watu mmepanga muiuze?"

Nikamwambia ndani kuna spoku. Akajibu taratibu kwamba ili kuiona lazima ivunjwe, na ikivunjwa spoku isionekane, nitaozea jela kwa kuharibu mali ya kale. Na mimi, niliyezifinyanga kwa mikono hii, nikaanza kujiuliza kama kweli zote saba nilizitia. Spoku zilikuwa zinaniishia siku ile. Nilikumbuka hivyo njiani kwenda shambani, mwenyekiti ameibeba sanamu, tukiwa tumeshafika nusu, watu wanatufuata.

Shambani nilirudia maneno yale yale mbele ya Bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyetaka kuivunja, hata mimi. Bibi akaichukua yeye, akailaza juu ya jiwe, akageuza jembe, akaipiga kwa mgongo wa jembe.

Haikuvunjika.

Akapiga tena. Ikakatika kiunoni, na spoku ikachomoza, nyekundu kwa kutu.

Nilijiandaa kwa kicheko, lakini hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alianza kukunja kamba bila kunitazama. Mkuu wa shule ataniita, nimeshajua. Nikapiga goti nimwombe Bibi msamaha, akanikatisha.

"Samahani utaniambia ukiwa umeshika jembe. Kesho, baada ya misa ya kwanza. Padri nitamweleza mwenyewe kwa nini tunalima Jumapili."

Kisha akaokota kile kipande cha juu, akakipangusa kwa khanga.

"Huyu mbona hukumwekea uso?"

Nikamwambia nyingi za kale ziko hivyo.

"Basi aliyezifinyanga hakutaka kutazamana nazo," alisema, akanipa kile kipande.

Kiko hapa mezani ninapoandika. Siku tisa nimepita mbele ya yule mama nikitazama kikapu, kamba, mawingu, kila kitu isipokuwa yeye.

Nimeazima jembe kwa jirani, maana miaka sita niko hapa na sina langu. Kesho nitaanza na lile tuta la kona.