Kibodi ya Mzee Mulei Imefunikwa, Hesabu Bado Inapanda

Mpendwa Bi Salme,

Nisaidie mwenzio, kwa maana wiki ya tatu hii siketi nikatulia, nikishika chai naiacha, nikianza kufua naacha nguo majini narudi kusimama mlangoni, na mama ananiuliza kama ni mwanamume, nami nashindwa kumwambia kwamba ni ripoti.

Nafanya kazi ya kompyuta katika shamba moja la mkonge huku Mwatate. Kompyuta yetu ni moja, lakini kuna programu inayoigawa, hata ofisi ya mizani, bohari na ofisi ya karani mkuu kila moja inajiona ina kompyuta yake peke yake. Kitu chochote, kama kibodi au programu, kikitaka kusikizwa kinaikatiza ile kompyuta, nayo inaacha kazi, inakisikiza, inarudi ilipoachia, na kila katizo linahesabiwa. Kila Ijumaa mimi ndiye natoa ripoti ya makatizo na kuitia sahihi.

Mwezi wa sita kompyuta ilikuwa nzito mpaka hati za marobota zikachelewa, gari la moshi likaondoka Voi bila mzigo wetu. Meneja akachukua ripoti yangu, akaona mstari wa mizani una makatizo laki tisa kwa siku moja, akamsimamisha kazi Mzee Mulei, karani wa mizani, ati anagonga kibodi ovyo, na mwisho wa mwezi huu anafukuzwa kabisa.

Lakini Bi Salme, Mzee Mulei ameondoka, kibodi yake nimeichomoa nikaifunika kitambaa, na hesabu bado inapanda! Nikafungua kiini cha mfumo wenyewe, ile programu ya ndani inayoendesha kompyuta, nikaongeza maagizo ya kuhesabu kila aina ya katizo peke yake. Kibodi ilikuwa sufuri. Yale makatizo yote yalitoka kwa ile programu ya kugawa, yakiandikwa kwenye mstari wa mizani.

Aliyeiweka programu hiyo ni baba mdogo Ambrose, mkubwa wangu kazini, aliyenilea tangu baba afariki. Nikamwonyesha. Akaisoma ile karatasi ya hesabu mpya, akasema, "Toa ile ripoti ya zamani."

"Na Mzee Mulei?"

"Mulei yuko karibu kustaafu. Mimi nina watoto, Jedidah, na wewe ni mmoja wao."

Nikatoa ya mtindo wa zamani, isiyotenganisha aina, Ijumaa mbili sasa. Na juzi sokoni nikakutana na mzee mwenyewe, akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, ile mashine imepona? Vidole vyangu ni vizito, pengine niliigonga sana. Niombee msamaha kwa meneja." Nikakimbia, nikaacha nyanya zangu mezani kwa muuzaji. Nifanye nini?

Jedidah, Mwatate, Agosti 1988
(Majina tumeyabadilisha.)

BI SALME ANAJIBU

Jedidah mwanangu, pole. Kumpinga aliyekulea si jambo jepesi, nami sitakucheka. Lakini nitakugombeza.

Ripoti ile iliyomponza Mulei uliitoa hujui. Hizi mbili umezitoa unajua, na sahihi ni yako, si ya Ambrose. Unalalamika hutulii, ningekushangaa ungetulia! Mzee wa watu anazunguka akiamini mikono yake ndiyo iliyoharibu mashine, anakutuma umwombee msamaha, nawe unatimua mbio. Aibu, mwanangu.

Baba yako mdogo alikosea kuiweka programu, na hilo humpata fundi yeyote. Kumwachia mwenziwe adhabu ndilo kosa kubwa, na hilo usimsaidie.

Kesho asubuhi nenda nyumbani kwake, na shikamoo yako kamili, umwambie, "Baba, saa nne napeleka ripoti mpya kwa meneja. Naomba tuingie pamoja, ueleze wewe." Mpe nafasi hiyo mara moja tu. Akikataa, ingia peke yako. Weka ripoti zote mezani, kisha mwite meneja aione kibodi imechomolewa na hesabu inapanda mbele ya macho yake. Usimtukane mtu. Usilie. Na zile Ijumaa mbili ulizonyamaza, ziseme wewe mwenyewe kabla hajaziuliza. Pengine utapewa barua ya onyo. Ipokee.

Usitoke ofisini humo bila barua ya kumrudisha Mulei kazini. Ukishaipata usiitie posta. Mpelekee mwenyewe siku iyo hiyo, na kosa lilikuwa wapi umwambie ungali umesimama, kabla hajakukaribisha kiti.