Nadhira Wetu wa Kibuyuni, Uliyetusikiliza Ukifunga Mwani

Mwaka umetimia tangu ututoke, dada Nadhira. Uliporudi kutoka mafunzoni, kitu nilichokiona kwanza kilikuwa kidogo tu: kila ulipotaka kushuka pwani ulivua beji yako ya kazi ukaitia mkobani. Kisha uliketi nasi mchangani, ukafunga mwani kwenye kamba.

Serikali ilikulipia masomo ya saikolojia ili uwahudumie watu hapa hapa kijijini, wasilazimike kwenda mbali. Ulipewa chumba na meza kwenye zahanati. Wiki nzima hakuja mtu. Nani angekubali kuonekana akiingia kwa "daktari wa wazimu"? Ndipo ukahamia kwenye mwani. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye kamba, wanawake walizungumza.

Ami Mbwana alikutania, "Serikali imemwaga pesa zote hizo ukajifunze kunyamaza?"

"Na mtihani wake ni mgumu, ami," ukamjibu. "Wewe ungeanguka."

Mama alicheka mpaka kamba ikamponyoka.

Mzee Alfani, anayezungumza peke yake sokoni, watu walimpita mbali. Wewe ulimpa shikamoo, ukasimama ukingoja mpaka aitikie marahaba.

Homa ilikuchukua kwa siku chache. Chumba chako kimefungwa tangu hapo. Tunaomba serikali isomeshe wengine kama ilivyokusomesha wewe, kwani wanaohitaji kusikilizwa bado wapo.

Mimi mdogo wako sikumaliza shule, na si msemaji. Nilipofiwa na mwanangu niliacha kusema, ila neno moja moja la lazima. Wakasema nina jini. Asubuhi moja nilikwambia nakwenda kuangalia kamba zetu, nikaingia majini. Maji yalikuwa yanajaa. Ukaniita kwa sauti yako ya kila siku, "Maimuna, njoo unishikie ncha hii." Nikarudi. Hukuniuliza kitu. Kesho yake ukaniita tena, na keshokutwa, mpaka siku moja nikalitaja jina la mwanangu.

Tunakukumbuka sisi: mama yako Asiya, kaka yako Suleiman, ami Mbwana, nami mdogo wako Maimuna. Tutakukumbuka siku zote za uhai wetu. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Dada, maji yakijaa hakuna anayekwenda kuangalia kamba. Nafikiri ulijua. Siku ile sikukusudia kurudi. Ahsante kwa kuniita.