Kitambaa Chako Juu ya Paa la Wageni

Mikumi, Kilosa
Msimu wa masika

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mimi ni mzima, ila mikono imejaa grisi, kwa hiyo ukiona alama ya kidole kwenye karatasi ujue nimeandika mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Goti lako linaendeleaje? Mvua zimefika huko Maswa, au bado mnatazama juu? Na yule ng'ombe wa baka, amezaa?

Kitambaa ulichonifumia kwa ajili ya redio kilifika salama, na ndicho kinachonifanya niandike mbio. Mjomba Masanja alipita hapa na lori akitoka kuuza ng'ombe Dar. Alitukuta siku mbaya kuliko zote, akaondoka akisema atakwenda kukwambia kwamba mkweo nusura aue mzungu. Mama, kabla hujamsikiliza yeye, nisikilize mimi.

Tangu mambo yawe ruksa, barabara hii ya Iringa inapitisha magari ya kila aina, lakini lililotufikia safari hii sikuwahi kuliona. Ni nyumba kabisa, ina kitanda, jiko, meza na choo, ila ina magurudumu. Wenyewe ni wazee wawili, Bwana Pita na mkewe Bibi Hana, wanakwenda Zambia. Injini iliwafia mbugani, wakavutwa na trekta mpaka gereji kwetu. Nilipoifungua nikaona hakuna cha kubembeleza. Vipuri ni mpaka Dar.

Sasa, Bibi Hana ana kisukari, anajidunga sindano asubuhi na jioni. Dawa yake inakaa kwenye friji dogo la humo garini. Friji linakula betri, betri inachajiwa na injini, na injini ndiyo hiyo iko chini kwenye magunia, vipande vipande. Gereji yetu bado haijavutiwa umeme. Pale stendi kuna baa yenye friji, lakini linagandisha mpaka chupa za soda zinapasuka, na bibi alisema dawa yake ikiganda ni ya kutupa.

Ndipo Bwana Pita akatoa uvunguni mwa kitanda sola mbili alizonunua Nairobi, hajawahi kuzifunga. Ni vioo vyeusi vipana, vinakula jua na kutoa umeme. Kazi ya kuzipandisha juu ya paa ikawa yangu. Paa lenyewe si bati, ni gumu kama beseni la plastiki, na ukitoboa paa la mtu umetoboa usingizi wake. Mzee alisimama chini akitazama kila tundu ninalopiga, jasho linamtoka kuliko mimi niliyekuwa juani. Nikafunga vyuma, nikaziba kwa gundi ya mpira, nikashusha nyaya mpaka kwenye betri. Taa ndogo ya kijani ikawaka, friji likaanza kunguruma. Bibi alilipigapiga mgongoni kama mtoto aliyecheua.

Bwana Pita akaenda Dar kutafuta vipuri, nami nikaenda Kilosa kuchongesha shafti, ule mhimili wa injini. Nilimwachia mke wangu Neema bibi wa watu na gari lake. Nikamwambia kwamba zile sola ndizo roho ya bibi, azitunze. Sikusema zaidi, nilikuwa nawahi usafiri.

Kilosa mvua ikanikamata. Barabara ilikatika, shafti ikawa tayari na mimi sina pa kupita. Mama, zile siku sikula vizuri. Nilikuwa namfikiria yule bibi na dawa yake, lakini nikajituliza kwamba sola zipo na Mikumi jua ni kali.

Nilirudi juu ya lori la mahindi. Tulipokaribia gereji nikaona kitu cheupe kwenye paa la gari la wageni, kina maua mekundu katikati. Nilidhani macho yananidanganya. Kilikuwa kitambaa chako, kimetandazwa vizuri juu ya sola, kila kona imewekewa spana yangu isipeperushwe. Sola ya pili ilifunikwa kwa kanga ya harusi ya Neema.

Niliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama. Mjomba alikuwa hapo anakunywa chai, akasikia kila neno nililomfokea mke wangu. Neema akasema, "Uliniambia nizitunze. Jua lilikuwa linazichoma mpaka hazishikiki. Kitu cha thamani cha mgeni nikiache wazi kama bati la choo?"

Nikaingia garini. Friji lilikuwa kimya, na nilipotia mkono ndani nikakuta joto. Taa ilikuwa nyekundu. Bibi Hana alikuwa amelala, midomo imekauka, anaomba maji kila mara. Aliiona taa ikibadilika akadhani ni mawingu, na nguvu ya kutoka nje kutazama paa hakuwa nayo. Nikamweleza. Hakukasirika. Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Dawa labda nzima, labda imekufa. Mwili utasema."

Akajidunga. Ana vijikaratasi vya kupimia mkojo: kikigeuka cheusi, sukari imejaa, kikififia, dawa inafanya kazi. Cha kwanza kilikuwa cheusi. Mjomba alisema bibi akifa ni polisi, na atakayeshikwa anajulikana. Aliyasema hayo Neema anasikia, kisha akapanda lori lake. Niliogopa, mama. Niliogopa kuliko siku ile mto ulipochukua ndama wetu.

Neema hakulia. Alipanda ngazi, akaiondoa kanga, akakivuta kitambaa chako, akakitumbukiza kwenye ndoo. Akamwaga maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye mtungi wetu mdogo, akatia chupa za dawa humo ndani ya kopo kavu, akauzungushia kitambaa kibichi na kuuweka chini ya gari, penye upepo, ili ubaki na ubaridi. Kilipoanza kukauka alikiloweka tena. Katikati ya kuloweka alikuwa anaingia kumshika bibi mkono. Kijikaratasi cha pili kikawa cheusi vilevile. Jua lilipoanza kuinamia milima ya Vidunda, kwao Neema, cha tatu kikatoka kimefifia. Bibi akaomba uji. Mimi ndiye niliyekaa chini nikalia.

Betri ilichukua muda kujaa, kwa hiyo dawa ilikaa kwenye mtungi mpaka Bwana Pita aliporudi. Gari limeshaondoka, na paa halikuvuja. Wakati wa kuagana bibi alikitaka kile kitambaa. Neema alimwambia cha mama mkwe hakitoki, akampa mtungi.

Najua, mama, ulitaka nioe huko nyumbani. Mjomba atakapokusimulia, muulize jambo moja tu: yule mwanamke alifunika mali ya mgeni kwa kitu gani? Nyumba yetu nzima ina kitambaa kimoja kizuri, na ndicho alichokitoa.

Nisalimie baba mdogo, mwambie baiskeli yake nitaitafutia tairi. Msalimie dada Kabula na wanawe, na shangazi anayeuza dagaa mnadani, na mchungaji wetu.

Mwanao anayekukumbuka,
Shija

Mama shikamoo, ni mimi Neema. Shija amekwenda kununua bahasha. Ua moja la kitambaa limepauka kwa jua, nimelikunja asilione. Nakuomba uniambie lile ua linaanzwaje, nilifume upya mwenyewe.